Presha imeshuka, lakini nani aliyeishusha?

Swali ninaloletewa na wasomaji kuliko yote ni hili: “Nimepima, presha inasoma 120 kwa 80. Vidonge niendelee navyo vya nini?” Wengine hata hawaulizi. Wameshaacha, wananiletea habari njema: siku hizi wanakunywa dawa ya majani waliyouziwa stendi, na presha bado imetulia.

Habari hiyo ndiyo inayonitisha.

Tuchukue amlodipini, dawa inayotolewa sana kliniki. Misuli ya kuta za mishipa midogo ya damu hukaza pale kalsiamu inapoingia kwenye seli zake kupitia milango maalumu. Amlodipini huiziba milango hiyo, msuli ukalegea, mshipa ukatanuka. Kinachonishangaza kila mara ni subira yake. Huing'ang'ania milango hiyo na kuiachia polepole, na ini nalo huchelewa kuivunja: kiasi kilichomo kwenye damu huhitaji saa 30 hadi 50 kupungua kwa nusu. Piga hesabu kwa saa 40. Aliyemeza kidonge cha mwisho Ijumaa saa 2 usiku, Jumapili adhuhuri bado ana nusu ya dawa mwilini. Jumanne alfajiri ana robo. Jumatano usiku amebakiwa na sehemu moja ya nane.

Sasa mwingize tapeli katikati ya hesabu hiyo. Mteja anaanza majani Jumamosi, anapima Jumatatu, presha nzuri. Sifa anapewa tapeli, kumbe kazi imefanywa na kidonge cha Ijumaa. Ushuhuda unarekodiwa, unasambazwa kwenye simu, na wengine wanatupa vidonge vyao. Siku zinapita, presha inapanda kimyakimya, kichwa hakiumi, na muuzaji hayupo kuipima. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya maradhi sugu. Kiu ile ya kupona naielewa, maana kumeza kidonge kila siku kunachosha. Anayeigeuza kiu hiyo kuwa biashara simvumilii.

Presha hurudi kwa sababu, kwa wagonjwa wengi, chanzo hakikuondoka. Figo zimezoea kufanya kazi kwenye presha ya juu, na kuta za mishipa zimekuwa nene. Dawa inazuia, haing'oi. Kwa hiyo si kweli kwamba vidonge “vinamzoesha” mtu. Ugonjwa ndio wa muda mrefu, na dawa inaufuata. Nao msemo wa “vidonge vinaua figo” umegeuza ukweli miguu juu, kichwa chini: presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa kazi. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, ndiyo. Lakini uvimbe huo hautoki kwenye figo. Mishipa iliyotanuka inaruhusu maji kuvuja kwenye nyama za mguu, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha mpangilio wa dawa.

Ukiongezewa dawa ya pili, usidhani umezidiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha Waafrika weusi 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini pamoja na dawa moja ya kuiunga mkono ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Meza dawa saa ileile kila siku. Ukisahau, usimeze mbili kufidia. Punguza chumvi. Ukishika mimba au ukipanga kushika, mwambie daktari mapema, kwani baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni.

Aliyepunguza uzito na chumvi anaweza kupunguziwa dozi, lakini daktari huamua hivyo kwa vipimo vya wiki kadhaa, si kwa kipimo kimoja kizuri. Hiyo 120 kwa 80 yako ni kazi ya kidonge. Na leo kimeze.