Vita, Jinai na Maisha ya Mtu: Ushahidi wa Historia katika Maandishi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuonyesha namna historia ya Afrika Mashariki inavyoweza kusomwa katika aina tatu za maandishi ya Kiswahili: utenzi wa vita, riwaya ya jinai na tawasifu. Kila aina ina ushahidi wake, na kila aina ina mambo inayoyanyamazia.

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, wahusu vita vya 1888 na 1889 vilivyomfikisha Abushiri bin Salim kitanzini huko Pangani. Mtungaji aliishi zama zizo hizo. Hata hivyo, alifungwa na vina na mizani, na alirithi desturi ya kale ya kusimulia vita vya dini. Kwa hiyo maneno anayowatamkisha viongozi hayafai kuchukuliwa kuwa yalisemwa vivyo hivyo. Ni ushahidi wa namna walioshindwa walivyoielewa vita yao.

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), yasimulia mauaji ya kubuni. Tukio si la historia, lakini jamii inayolizunguka ni ya Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964. Katika kumtafuta muuaji, mpelelezi Bwana Msa hulazimika kupima mali, ukoo na imani ya mizimu. Na hayo ndiyo mambo ambayo hati za serikali aghalabu huyapita.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa kwanza na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Msimulizi aeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetela: alisikia habari za mabinti wa ukoo wa mtawala waliotekwa zamani, akajidai kuwa mjukuu wa mmoja wao, akakubaliwa. Asimulia hila hiyo kwa fahari. Habari za mateka zimehifadhiwa, lakini kwa sababu tu zilimfaa mfanyabiashara. Maisha ya mateka mwenyewe hayasimuliwi.

Sauti ya upande wa pili haikukosekana kabisa. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa angali mtoto akafikishwa Unguja, alisimulia maisha yake, nayo yakachapishwa mwaka 1936 katika mkusanyo wa Margery Perham. Lakini yalichapishwa kwa Kiingereza, ilhali ya Tippu Tip yamebaki katika Kiswahili chake mwenyewe.

Tofauti hiyo ni suala la historia na la lugha pia. Mwalimu anayeifundisha tawasifu ya Tippu Tip kwa ajili ya ufasaha wake hana budi kuwauliza wanafunzi: katika sentensi hizi, ni nani atendaye, ni nani atendwaye, na ni nani asiyetajwa jina? Uchanganuzi wa sarufi ukifika hapo, huwa umekwisha kuingia katika historia.