Fahamu: Ndege za Nauli Nafuu Zilivyorejea Angani Zama za Korona

Mkazi wa Kakontwe, katika mji wa Likasi, akiazimu kusafiri kwa ndege, hana budi kwanza kushika barabara ya Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi, hadi kiwanja cha Luano. Nacho, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kutangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, hakikurejeshewa safari za kawaida ila tarehe 15 Agosti. Kenya ilitangulia: Jambojet, shirika la nauli nafuu, lilianza tena safari za ndani mwezi Julai, na Septemba 2021 likafika Goma, mashariki mwa Kongo.

Hofu ya abiria ilikuwa kuketi bega kwa bega, maana shirika la namna hii hupata faida kwa kujaza viti. Hata hivyo, katika jeti nyingi hewa hubadilishwa takriban mara 20 kwa saa, na ile irudishwayo huchujwa barabara, ingawa ndege ndogo za rafadha si zote zenye vichujio hivyo. Kwa rai yangu, hatari kubwa zaidi ilikuwa foleni za kiwanjani, na gari la kwenda huko lililofungwa madirisha. Basi, msafiri, maradhi yakizuka tena, vaa barakoa tangu Kakontwe, na kabla ya kulipa uliza kama nauli hurejeshwa safari ikibatilishwa.