Echo, Alfa, Delta: Askari na Nyuzi Sita za Gitaa

Askari hufundishwa kukumbuka kabla hajafundishwa kulenga shabaha. Tangu siku zake za ukuruta huhifadhi namba yake ya jeshi, namba ya bunduki yake, ngazi za vyeo na majina ya sehemu za silaha, mpaka aweze kuyatamka yote akiamshwa usiku wa manane. Nidhamu hiyo ya kumbukumbu haina sababu ya kuachwa uwanjani baada ya gwaride. Yaweza kumfaa pia saa ya mapumziko, gitaa liwapo mapajani mwake.

Katika mabwalo mengi ya askari na polisi hupatikana gitaa lililotundikwa ukutani, limekaa kimya mwaka mzima. Wapenzi wa muziki wapo, lakini nyuzi zimelegea na hakuna ajuaye kuzipatanisha. Kwa kikosi kidogo kilichoko mpakani, mbali na mji, ukimya huo ni hasara. Jioni isiyo na wimbo huwa ndefu, na jioni ndefu huzaa ulevi na ugomvi. Afrika ya Mashariki imekwisha kuonja faida ya muziki wa askari. Fundi Konde wa Kenya alitumikia kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, bendi ya Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa na Polisi Jazz zilipendwa na raia na askari pia.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Kuanzia uliomnene hadi uliomwembamba, majina yake ni E, A, D, G, B, E. Mwanafunzi wa kiraia hutaabika kwa majuma kuyahifadhi. Askari aliyewahi kushika simu ya upepo anayo tayari kinywani, kwa maana alfabeti ya mawasiliano iliyoanza kutumika mwaka 1956 humpa maneno hayo: Echo, Alfa, Delta, Golf, Bravo, Echo. Na ayatamke kama anavyotuma ujumbe, akigusa uzi mmoja kwa kila neno, na kwa siku chache mkono na ulimi vitakwenda hatua moja.

Asiyezoea simu ya upepo ajitungie sentensi ambayo maneno yake huanza kwa herufi hizo. Hii yaweza kumtosha: "Ewe Askari, Darasa Gumu? Basi Endelea!" Sentensi ya namna hii hukaa kichwani kwa kuwa ina maana, na akili hushika maana upesi kuliko herufi tupu. Iliyo bora zaidi ni ile ambayo mtu ameitunga mwenyewe, hasa ikiwa yachekesha.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Nyuzi huhesabiwa kinyume cha sentensi hiyo. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na ardhi mtu aketipo kupiga, na uzi wa sita ni ule mnene ulio karibu na kidevu. Basi na akumbuke hivi: majina hushuka kutoka kidevuni, hesabu hupanda kutoka ardhini.

Kujua majina, hata hivyo, si kujua sauti. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vyembamba. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma tuiite chumba, na chumba cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa cha gitaa. Kila chumba hupandisha sauti kwa nusu hatua. Ukibonyeza uzi wa sita katika chumba cha tano, hupata sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano katika chumba cha tano hutoa sauti ya wa nne, na wa nne katika chumba cha tano hutoa ya wa tatu. Uzi wa tatu ndio unaovunja safu: hubonyezwa katika chumba cha nne ili kupata sauti ya uzi wa pili. Kisha wa pili hurudia chumba cha tano ili kupata sauti ya wa kwanza.

Namba ya kuhifadhi, basi, ni 5-5-5-4-5. Zijumlishe upate 24, sawa na saa za siku moja, na jumla hiyo ndiyo mlinzi wako. Sauti hurudia jina lake kila baada ya nusu hatua 12; kwa hiyo kutoka E nene hadi E nyembamba, iliyo juu yake mara mbili, sharti pawe na nusu hatua 24. Kama namba zote zingekuwa tano, jumla ingekuwa 25 na uzi wa kwanza ungekuwa F, ukigombana na ule wa sita.

Sikio nalo lina mwalimu wake kambini: tarumbeta la kijeshi lisilo na vibonyezo. Miongoni mwa sauti zake chache zimo so, do na mi, zikipanda. Kutoka so hadi do ni nusu hatua tano, nao ndio mwachano wa nyuzi nyingi za gitaa. Kutoka do hadi mi ni nusu hatua nne, nao ni mwachano wa G na B. Askari aamshwaye kwa tarumbeta kila alfajiri amekwisha kuzisikia sauti hizo mara elfu.

Atakayepiga pamoja na wanamuziki wa Kongo atawasikia wakiziita nyuzi hizohizo mi, la, re, sol, si, mi. Hao hufuata desturi ya Kifaransa, ambayo do yake haihami kamwe. Do tuliyofundishwa shuleni na kanisani huhama kufuata wimbo; asizichanganye mbili hizo.

Aliyehifadhi gitaa amepata na ala nyingine bila jasho. Gitaa la besi la nyuzi nne ni Echo, Alfa, Delta, Golf, kwa sauti ya chini zaidi. Yasome manne hayo kinyumenyume, Golf, Delta, Alfa, Echo, nawe umeshika nyuzi za fidla kuanzia uliomnene.

Kwa sauti ya kuanzia, tumia uma wa sauti wa A, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939. Uzi wa kwanza ukibonyezwa katika chumba cha tano hauna budi kulingana nao. Siku hizi simu za mkononi zina programu za kazi hii, lakini betri huisha, na lindo la mbali halina umeme daima. Kaza kigingi polepole, ukipanda kutoka chini kuifikia sauti. Ukiona uzi unazidi kukaza nayo sauti haijalingana, simama ukague kama hukuipita, maana uzi mwembamba hukatika ghafla na duka haliko jirani.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika kumi kila jioni zatosha kwa juma la kwanza. Ajuaye amfundishe mwenziwe, na gitaa la bwaloni literemshwe ukutani.