Michezo ya Kuigiza na Ujirani (Sehemu ya 5): Marafiki wa Pembeni

Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, imepita, na kama kila mwaka watangazaji wamepongezwa wakapongezeka. Watunzi wa michezo sikusikia wakitajwa. Basi nawataja mimi, na hasa ufundi wao mmoja nilioupenda tangu nikiwa mkimbizi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tulipokuwa tukichangiana senti za kununua mawe ya redio: namna wanavyofuma urafiki wa wahusika wadogo.

Leo nasema hivi: katika mchezo wa kupatanisha watu, uwe wa redio au wa televisheni, mwache shujaa, mtazame rafiki wa shujaa. Mapenzi ya wakuu hayatusumbui. Katika Musekeweya ya Rwanda, iliyoanza 2004, Shema anampenda Batamuriza wa kijiji hasimu, na msikilizaji hujisemea kuwa mapenzi ni upofu, waachwe na yao. Lakini watie pembeni mafundi wawili wa makabila mawili, wanaoazimana msumeno kila kipindi, hawaoani wala hawamhutubii mtu. Hao humkera msikilizaji, maana hawana wazimu wowote wa kuwasingizia. Wakenya nadhani walilijua hilo. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 walitengeneza mfululizo wa televisheni uitwao The Team, wakaweka timu nzima ya mpira, Imani FC, si wapenzi wawili tu.

Wasomi nao walifika huko kwa njia ndefu. Mwaka 1997 Stephen Wright na wenzake walionyesha kwamba si lazima wewe mwenyewe uwe na rafiki upande wa pili. Ukijua tu kwamba mtu wa kwenu anaye, chuki yako hulegea. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutengeneza mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu: nyumba ya Wahutu na nyumba ya Watutsi zimepakana. Sidhani mama huyu alikuwa amemsoma Wright. Alikuwa na majirani, ikamtosha.

Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, ukaja mchezo wa redio Kumbuka Kesho. Mtafiti Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliupima kwa mwaka mzima, akachapisha matokeo 2010. Mahali pengine mchezo ulirushwa peke yake. Pengine ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Waliohimizwa walijadiliana kweli. Lakini ndio waliozidi kukosa uvumilivu, wakazidi kukumbuka waliyotendewa, wakawa wazito zaidi kumsaidia mtu wa jamii wasiyoipenda. Mimi sikushangaa. Urafiki wa wengine mtu huumeza taratibu, akiwa peke yake na redio yake. Ukimwuliza palepale, mbele ya wajomba zake, atasema yale ambayo wajomba wanataka kusikia.

Sasa niruhusuni nitoke kidogo. Marafiki wa pembeni ninaowapenda kuliko wote hawakutungwa na mtu, nao walipita katika ziwa letu hili. Kila mtoto wa shule ameambiwa jinsi Stanley alivyomsalimu Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871. Hasimuliwi kwamba kabla ya salamu ile Stanley alikwisha kusalimiwa na watumishi wawili wa Livingstone: Susi kwanza, kisha Chuma. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa utotoni katika msafara wa watumwa mwaka 1861, akapelekwa shule Bombay na kubatizwa huko. Hawakuwa ukoo mmoja, wala kabila moja, wala dini moja. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, hakuna ambaye angewalaumu kama kila mmoja angeshika njia yake. Wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba. Huko Unyanyembe Mwingereza Cameron akawashauri wauzike hapohapo, wakakataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mazishi ya London, Aprili 18, hawakuyaona: aliyepelekwa na jeneza ni mwenzao Jacob Wainwright. Wao waliitwa baadaye, wakaketi na mhariri Horace Waller na kumfafanulia madaftari ya marehemu ukurasa kwa ukurasa. Kitabu cha madaftari hayo kikatoka, na majina yao yakawekwa kama ya watumishi waaminifu tu. Mtu wa pembeni hulipwa hivyo, na watunzi wetu wasiige dhuluma hiyo.

Nafasi imekwisha, nami nilikusudia kusema mengi juu ya Bibokoboko, huku kwetu Kivu, ambako tangu vijiji vilipochomwa Oktoba 2021 watoto wanakua bila kujua kwamba baba zao, Wabembe na Wanyamulenge, walikuwa na marafiki upande wa pili. Redio za mji wa Baraka naziomba jambo moja. Tungeni mchezo kwa Kiswahili cha hapa hapa, wawekeni Mbembe na Mnyamulenge pembeni kabisa, mmoja amtunzie mwenzake ng'ombe mgonjwa, na mchezo ukiisha pigeni muziki. Msifungue simu za wasikilizaji.

Chuma alikufa Unguja mwaka 1882. Susi naye mwaka 1886 akabatizwa, akaitwa Daudi. Wengi huona katika jina hilo kumbukumbu ya David Livingstone. Mimi kila nikilisoma hufungua Samweli wa Kwanza, sura ya 18, alipo Daudi mwingine pamoja na Yonathani wake.