Tiketi ya nusu bei: Ni nani anayemsaidia mwenzake?

Je, msomaji, mtoto wako wa chuo kikuu amewahi kukujia jioni, simu mkononi, akakuambia kwamba ukimpa pesa kabla ya saa sita usiku atapata tiketi ya tamasha kwa nusu bei? Au pengine mwanafunzi mwenyewe ni wewe, umebakisha pesa za matumizi za wiki mbili, na bendi unayoipenda itapanda jukwaani mwisho wa mwezi. Kabla hujabonyeza nambari yako ya siri, hebu tuitazame hiyo nusu bei kwa makini. Si kila punguzo ni punguzo.

Kwanza, muziki wenyewe. Wazazi wengi wakisikia "indie pop" hudhani ni kelele mpya kutoka ng'ambo. Maana ya jina hilo ni kujitegemea tu. Wasanii hujirekodi, hujitengenezea video na kujiuzia kanda zao bila kubebwa na kampuni kubwa. Hapa Nairobi si jambo geni. Just A Band ilianzishwa mwaka wa 2003 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mnamo 2010 video yao ya wimbo "Ha-He" ilimfanya shujaa wao Makmende kuwa gumzo kila mahali. Sauti Sol nao walianza mwaka wa 2005, vijana waliojuana katika Shule ya Upper Hill, wakapata jukwaa mapema katika Alliance Française jijini. Walipowaaga mashabiki kama kikundi mnamo Novemba 2023, uwanja uliowapokea ulikuwa Uhuru Gardens. Kutoka ukumbi mdogo wa katikati ya mji hadi uwanja ule, safari hiyo ililipiwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa tayari kununua tiketi.

Nasema hivyo kwa sababu kanda yenyewe siku hizi haimlishi msanii. Mwaka wa 2015, Sauti Sol waliitoa albamu ya Live and Die in Afrika kwenye intaneti, na mwanzoni mashabiki waliipata bure. Ukiona mtu anagawa bure kazi ya miezi mingi, jua kwamba unga wake anautafuta kwingine. Anautafuta langoni.

Sasa, kwa nini msanii huyo huyo akuuzie tiketi kwa nusu bei? Kwa sababu anahitaji pesa zako mapema kuliko anavyohitaji pesa zako nyingi. Mwenye vipaza sauti hutaka malipo ya kwanza. Mwenye jenereta, mwenye mahema, mwenye vyoo vya kukodi na kampuni ya walinzi, wote vivyo hivyo. Mwandalizi mkubwa ana benki na wafadhili wa kumshika mkono. Bendi inayojitegemea ina wewe. Kwa hivyo tiketi ya mapema ni mkopo. Wewe unatoa pesa wiki sita kabla ya siku yenyewe, na riba yako ni ile nusu ya bei uliyosamehewa. Wahenga walisema biashara asubuhi, na hapa hawakukosea.

Lakini mkopeshaji hufanya hesabu. Tuseme tiketi ya mapema ni Sh1,500 na ya langoni ni Sh3,000. Umeokoa Sh1,500, vizuri. Tamasha likiisha saa saba usiku, matatu za kwenda mtaani kwenu zitakuwepo? Kama hazipo, teksi inaweza kuimeza akiba yote na kudai zaidi. Chakula cha kutoka nyumbani kitaruhusiwa? Mara nyingi hakiruhusiwi, na chupa ya maji ndani ya uwanja haiuzwi kwa bei ya dukani kwenu. Kwa familia ya watu wanne, mimi ningechagua tamasha la mchana hata kama tiketi yake haina punguzo lolote. Blankets and Wine, tamasha alilolianzisha Muthoni Ndonga mwaka wa 2008, lilipendwa mwanzoni kwa sababu hiyo hasa: Jumapili mchana, blanketi nyasini, muziki wa wasanii wetu.

Kuna pia ada zinazojificha. Msidhani ni ujanja wa hapa kwetu pekee. Nchini Marekani mnamo Machi 2023, mashabiki wa bendi ya The Cure walionunua tiketi za dola 20 walikuta ada za ziada zikizidi bei ya tiketi yenyewe. Mwimbaji wao, Robert Smith, alilalamika hadharani, na kampuni ya Ticketmaster ikarudisha sehemu ya pesa hizo. Kwa hivyo usisome bei iliyo kwenye tangazo. Soma jumla utakayokatwa.

Jambo linaloumiza zaidi ni walaghai. Tangazo la nusu bei likikutaka utume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapo. Waandalizi wa kweli hutoa nambari ya malipo ya biashara, na wasanii wenyewe huitangaza katika kurasa zao. Linganisha nambari hizo mbili kabla ya kulipa, kisha uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Na ninyi vijana, furaha isiwafanye mpige picha tiketi na kuianika kwenye WhatsApp! Ile alama ya miraba husomwa mara moja tu langoni. Atakayewahi kuingia nayo ndiye mwenyewe, hata kama ni wewe uliyelipa.

Tamasha likiahirishwa je? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kuelezwa vyema kuhusu anachonunua na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Hata hivyo, haki bila ushahidi hudaiwa kwa shida. Soma masharti ya kurudishiwa pesa siku ya kununua, wakati bado una uwezo wa kughairi.

Mwisho, tiketi ya mwanafunzi huandamana na kitambulisho cha chuo, na pale langoni picha hulinganishwa na uso. Ukiazima cha rafiki, huenda ukalazimika kuongeza pesa hadi bei kamili, ukiwa kwenye foleni, bendi ikipiga wimbo wake wa kwanza ndani.