Wasiwasi haurithiwi kama shamba

MWAKA jana nilikuwa miongoni mwa wajomba walioketi katika kikao cha posa ya mpwa wangu. Mazungumzo yalikwenda vyema hadi pale mzee mmoja wa upande wa baba yake alipotaka kujua habari za mama wa binti. Alikuwa amesikia kwamba mama huyo haingii katika jengo la ghorofa, hakosi kuwapigia simu kila usiku watoto ambao wamekwisha kuwa watu wazima, na hushtuka hata mlango unapofungwa kwa kishindo. Mzee akakohoa, akasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hakuna aliyemjibu. Posa ikasimamishwa ili ukoo uchunguzwe.

Mimi si tabibu wa maradhi ya akili. Kazi yangu ni lugha. Lakini methali ni dai kama dai lingine lolote, na dai hilo lilikuwa linamharibia binti wa watu maisha.

Kiswahili chenyewe kina nadharia mbili kuhusu jambo hili, nasi huzitumia bila kujua. Neno "mwoga" limo katika ngeli moja na mtu na mtoto. Woga ni tabia, ni sehemu ya umbile la mwenyewe. Wasiwasi, kwa upande wa pili, tuliupata kutoka kwa Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, hasa ule wa shetani anayemshawishi binadamu. Ndiyo maana hatusemi kwamba fulani ni "mwasiwasi". Twasema ameingiwa na wasiwasi, kama nyumba iingiliwavyo na mwizi. Nadharia ya kwanza yadai kuwa shida imo damuni. Ya pili yadai kuwa imetoka nje. Mzee wetu alishika ya kwanza. Wale wanaomwambia mgonjwa "jikaze" wameshika ya pili: mwizi akiingia, si afukuzwe?

Njia iliyozoeleka ya kuzipima nadharia hizi ni kulinganisha pacha. Pacha wa kufanana wana jeni, yaani chembe za urithi, zilizo karibu sawa kabisa. Pacha wasiofanana hawakaribiani kwa jeni kuliko ndugu wengine wowote. Iwapo wasiwasi huwapata wote wawili mara nyingi zaidi katika kundi la kwanza, basi urithi una mkono wake. Mwaka 2001, John Hettema, Michael Neale na Kenneth Kendler, watafiti wa Virginia nchini Marekani, walizikusanya tafiti za aina hiyo na kuzipima kwa pamoja. Kwa wasiwasi wa kudumu, ule unaomfanya mtu ahangaikie kila kitu kwa miezi na miezi, urithi ulieleza kama asilimia 32 ya tofauti baina ya watu. Kwa fadhaa ya ghafla, ile inayomvamia mtu moyo ukamwenda mbio na pumzi zikamkatika hata akadhani anakufa, ilikuwa asilimia 43. Sehemu kubwa ya kilichosalia ilitokana na mambo yaliyompata kila pacha peke yake.

Takwimu hizi hueleweka visivyo, hata na wasomi. Asilimia 32 haina maana kwamba thuluthi ya wasiwasi wangu nilipewa na mama nami nikaokota thuluthi mbili njiani. Ni kipimo cha tofauti miongoni mwa watu wengi, mahali fulani, wakati fulani. Hakimwambii mtu yeyote fungu lake. Wasiwasi haugawanywi kama shamba la marehemu, huyu ekari tatu, yule mbili.

Kwangu mimi, swali tamu zaidi ni lile ambalo Hettema na wenzake waliliuliza mwaka 2005: je, kila aina ya wasiwasi ina jeni zake? Walichokiona ni makundi mawili makubwa ya urithi. Moja lilihusu wasiwasi wa kudumu, fadhaa ya ghafla na hofu ya mahali ambapo mtu huona hawezi kutoroka. La pili lilihusu hofu za vitu mahususi, mathalani wanyama. Hofu ya kusimama mbele ya watu ilikuwa katikati, ikichota huku na huku. Kwa maneno mengine, kinachorithiwa ni mwelekeo mpana. Maisha ndiyo yanayosaidia kuamua utachukua sura gani.

Hapa mwanaisimu hujiona yuko kwao. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kujifunza lugha, lakini hazaliwi na Kijaluo wala Kimeru. Mtoto wa Wajaluo akilelewa Lamu atasema Kiamu. Ulinganisho huu una kasoro yake: uwezo wa lugha karibu sote twaupata, ilhali mwelekeo wa wasiwasi wengine hupewa mwingi na wengine mchache. Wala hakuna jeni moja ya wasiwasi. Mwaka 1996, Klaus-Peter Lesch na wenzake walitangaza habari za jeni moja inayohusiana na serotonini, kemikali ya ubongo, lakini hata katika makala yao mchango wake ulikuwa mdogo. Tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha jeni nyingi, kila moja ikichangia tone.

Wahenga hawakuwa na methali moja tu. Walisema pia kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na Michael Cook walichunguza nyani waliozaliwa maabarani, ambao hawakuogopa nyoka. Baada ya kuwatazama nyani wa mwituni wakihangaika mbele ya nyoka, nao wakaanza kuogopa. Walipoonyeshwa filamu iliyopangwa ili nyani aonekane akiogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa maua. Umbile lilikuwa limewaandaa kwa hofu fulani na si nyingine, lakini hofu yenyewe ilingoja mwalimu. Isitoshe, waliotangulia kumtazama nyani mtulivu mbele ya nyoka hawakutishika kwa urahisi baadaye. Utulivu nao hufunzwa.

Tena walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu liliulipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuwaua watu zaidi ya 200. Daktari Frank Njenga na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti wao kuhusu kiwewe kilichowapata walionusurika. Wapo waliougua na wapo waliotoka salama, ingawa kishindo kilikuwa kimoja. Utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa na William True na wenzake kuhusu pacha waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam ulionyesha kwamba, hata tofauti za mapigano waliyoyaona zikizingatiwa, urithi ulieleza takriban thuluthi ya tofauti katika baadhi ya dalili.

Nilimwendea mama mdogo wa binti, dada yake yule mama, kumuuliza. Kumbe asubuhi hiyo ya Agosti mama alikuwa kazini katika jengo lililo karibu na ubalozi. Alishuka ngazi akikanyaga vioo. Kabla ya hapo alikuwa akipanda ghorofa bila neno, ingawa, mama mdogo alikiri, nyanya yao pia alikuwa mtu wa kukesha na mawazo. Binti alizaliwa miaka miwili baadaye. Mama hakuweza kumpeleka mjini, basi mama mdogo ndiye aliyekuwa akimpandisha hadi juu ya jumba la KICC kuutazama mji. Leo binti anafanya kazi katika ghorofa ya tisa.

Nilimweleza mzee haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, siku ile ya bomu mimi nilikuwa Machakos. Tulisikia redioni tu."

Kikao kimepangwa upya. Mama wa binti ametuma neno kwamba kitafanyika uani, chini ya mwembe, wala si ndani ya nyumba. Mzee amesema atakuja na kiti chake.