Ladha ya Nyamapori: Inatoka Wapi, na Lini Harufu Huwa Dalili ya Hatari

Na Mwandishi Wetu, Same

Kilomita chache kutoka mji wa Same, mkoani Kilimanjaro, lipo lango la Zange la kuingilia Hifadhi ya Taifa Mkomazi. Nje ya mpaka wa hifadhi, wananchi wa vijiji vya tambarare chini ya Milima ya Upare huchunga mbuzi katika vichaka vya miiba. Ndani ya mpaka, tandala mdogo, swala twiga, choroa, pofu na digidigi hujilisha katika vichaka vya namna hiyohiyo. Ardhi ni ileile, jua ni lilelile na mvua ni ileile haba. Hata hivyo, aliyewahi kula nyama ya pofu na ya mbuzi hawezi kuzichanganya.

Tofauti hiyo ina maelezo ya kisayansi, na yafaa yafahamike kwa umma, hasa baada ya kanuni za mwaka 2020 kuruhusu uuzaji wa nyamapori katika bucha zenye leseni. Mnunuzi asiyejua ladha halisi ya nyamapori ni rahisi kudanganywa. Wapo wanaoamini kwamba kadiri nyama inavyotoa harufu kali ndivyo inavyothibitisha kuwa ni ya porini. Imani hiyo si sahihi, na wakati mwingine ni ya hatari.

Tuanze na msuli wenyewe. Mnyama wa porini hutembea umbali mrefu kutafuta malisho na maji, na hukimbia ili asiliwe. Misuli yake huhitaji hewa ya oksijeni wakati wote, na huihifadhi kwa msaada wa protini iitwayo mayoglobini, yenye madini ya chuma. Mayoglobini ndiyo huipa nyama wekundu wake. Inapokuwa nyingi, nyama huwa nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya zambarau, na mdomoni huacha ladha ya chuma inayokumbusha maini. Mama wa nyumbani hukutana na jambo hilo kila anapopika kuku: paja, linalofanya kazi ya kutembea, lina rangi nzito na ladha nzito kuliko kidari.

Jambo la pili ni mafuta, na hapa pana uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Nyama ya jamii ya swala kwa kawaida ina mafuta machache sana ndani ya msuli, mara nyingi chini ya asilimia tatu. Ndiyo maana hukauka upesi jikoni. Lakini mafuta hayo machache ni ya namna yake. Sehemu kubwa yamo katika kuta za chembe hai za msuli, nayo ni ya aina inayoungana na oksijeni kwa urahisi. Muungano huo ndio huzaa sehemu ya ile harufu tunayoiita ya porini, na ndio pia huifanya nyama hiyo ichache haraka ikiachwa wazi. Kwa ujumla, harufu inayotofautisha mnyama mmoja na mwingine hukaa zaidi katika mafuta kuliko katika mnofu. Harufu ya beberu, kwa mfano, hutokana na asidi maalumu zilizomo katika mafuta yake. Mafuta yakiondolewa vizuri, hupungua kwa kiasi kikubwa.

Mafuta nayo hubeba alama ya malisho. Mkomazi, iliyoanzishwa kama pori la akiba mwaka 1951 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, ni nchi kavu ya migunga na miti ya jamii ya manemane, ambayo utomvu wake hunukia. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani ya juu, na huweza kuishi kwa muda mrefu bila kunywa maji. Digidigi na tandala mdogo nao ni walaji wa majani ya vichaka, tofauti na kongoni na nyati wanaotegemea nyasi. Sehemu ya viambato vya harufu vilivyomo katika majani huvuka tumbo la mcheuaji na kuhifadhiwa katika mafuta. Kule juu milimani, ambako ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa majani mabichi na migomba, nyama haiwezi kubeba alama hiyo.

Umri na jinsia huongeza yao. Dume lililokomaa, hasa majira ya kupandana, huwa na harufu kali kuliko jike au mnyama mchanga, na jambo hili hudhihirika sana kwa ngiri.

Hayo yote ni ya asili, na hayana kasoro. Kinachofuata si cha asili bali ni kazi ya mikono ya binadamu.

Mnyama akifa akiwa ametulia, sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake hugeuka asidi, na kipimo cha uchachu wa nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Uchachu huo huilainisha nyama na kuzuia vijidudu kukua. Mnyama aliyefukuzwa, au aliyenaswa na mtego wa waya akapapatika kwa saa nyingi, huwa amekwisha kuitumia sukari hiyo kabla ya kufa. Nyama yake hubaki na kipimo kinachozidi 6, huwa nyeusi na yenye kunata, na huoza mapema. Kama damu haikutoka vizuri, au utumbo ulipasuka na kumwagikia mnofu, au mzoga ulilala katika joto la tambarare la zaidi ya nyuzi 30 bila kupozwa, harufu nzito itakuwapo hata kama mnyama mwenyewe alikuwa na nyama nyororo isiyo na shombo.

Kwa maneno mengine, nyama ya jangili huelekea kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mtego wake, hofu yake ya kukamatwa na safari yake ya usiku huharibu kila hatua inayoijenga ladha nzuri. Moshi mwingi na chumvi nyingi anavyotumia huficha uharibifu huo. Uwindaji ndani ya hifadhi ya taifa umepigwa marufuku, na kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama nyara yenyewe ni kipande cha nyama kilichofungwa katika gazeti.

Lipo pia suala la afya. Ugonjwa wa kimeta unafahamika katika mikoa ya kaskazini, na mbegu zake huweza kudumu ardhini kwa miaka mingi. Huambukiza mifugo, wanyamapori na binadamu. Mzoga uliookotwa hauna mkaguzi, na kuchemsha nyama hakumlindi yule aliyeichuna na kuikata kwa mikono mitupu. Bucha halali huuza nyama iliyokaguliwa na inayoweza kufuatiliwa ilikotoka. Mnunuzi ana haki ya kuomba stakabadhi na kuuliza asili ya nyama.

Nyamapori nzuri hunusa kidogo, kama chuma na majani makavu, na uso wake hauteleziteleza. Jikoni, ondoa mafuta ya nje na utando. Loweka katika ndimu au maziwa ya mgando ukitaka kuituliza ladha. Minofu laini isikae motoni muda mrefu. Miguu na shingo, zenye kano nyingi, zinahitaji moto mdogo wa saa kadhaa, kama ule wanaoutumia Wapare kuivishia makande. Ipikwe ya kutosha mlo mmoja: chuma kingi pamoja na mafuta yale mepesi huifanya nyamapori iliyolala ipate harufu ya kiporo haraka kuliko nyama nyingine.